Roboti haina ualimu: nani anamfundisha daktari kushona moyo?

Najua nimepotea. Boom lilichelewa, bando likakata, na wiki mbili zilizopita zilikuwa za test mfululizo, si mnajua tena maisha ya hapa chuo. Leo nimerudi na hasira kidogo, ila sio za mtu, ni za hoja.

Juzi jioni pale vimbwetani mshkaji mmoja wa sayansi alitoa simu akatuonyesha ile video maarufu ya roboti ya upasuaji ikishona ganda la tunda la zabibu. Kweli inapendeza, vidole vya chuma vidogo vinashika uzi kama bibi anayefuma kitambaa. Akamaliza akasema, mnaona? Kesho na keshokutwa daktari wa moyo ni mtu yeyote aliyezoea kucheza gemu, mashine ndiyo itakayojua kazi. Halafu akanigeukia mimi na kundi langu la elimu: nyie wenye maandalio ya somo mtafute kazi nyingine! Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana jamaa ana kipaji cha kuchekesha. Lakini nilivyofika hosteli neno lile likaendelea kunikereketa. Nikaingia kusoma habari za hiyo roboti, hasa jinsi madaktari wanavyofundishwa kuitumia kwenye moyo. Siku tatu nzima badala ya kudesa kwa ajili ya semina. Naomba mnisikilize, maana nilichokuta huko ni suala la ualimu kutoka juu mpaka chini, na watu wamekufa kwa sababu hakuna aliyelichukulia hivyo.

Kwanza mashine yenyewe. Inayotumika zaidi duniani inaitwa da Vinci, inatengenezwa na kampuni ya Marekani, Intuitive Surgical, iliyoanzishwa California mwaka 1995. Jina la roboti linadanganya watu. Haijiongozi. Daktari anakaa kwenye kiti, pembeni kidogo ya kitanda, amezamisha uso kwenye kioo kinachomwonyesha ndani ya kifua kwa ukubwa na kina. Vidole vyake viko kwenye vishikio, miguu iko kwenye pedali. Akisogeza mkono, mkono wa chuma unasogea ndani ya mgonjwa kwa kiasi kidogo zaidi, na ule mtetemo wa kawaida wa mkono wa binadamu unachujwa. Basi. Asipogusa kitu, mashine inakaa kimya kama cherehani isiyo na fundi. Kwa hiyo ule wimbo wa kwamba mashine ndiyo inajua kazi uachwe hapo hapo vimbwetani.

Na kuna kitu mashine inamnyima daktari. Kwa miaka zaidi ya ishirini wapasuaji wengi wanaotumia roboti hii wamefanya kazi bila kuhisi kwa vidole, mpaka toleo jipya la mwaka 2024 lilipokuja na vifaa vinavyorudisha hisia ya mguso kidogo. Ukivuta uzi kwa mkono wako unajua umekaza kiasi gani. Ukivuta kwa roboti ya zamani unatazama tu: uzi umenyooka vipi, nyama imebonyea vipi. Unajifunza kuhisi kwa macho. Sasa niambieni, hilo linajifunzwa kwa kutazama video?

Halafu moyo sio ganda la zabibu. Chukua valvu ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo. Ikivuja, damu inarudi nyuma kuelekea mapafu, mtu anakosa pumzi hata kupanda ngazi za hosteli. Kuirekebisha kwa njia ya zamani ni kupasua mfupa wa kifua katikati, kumuunganisha mgonjwa na mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, kuusimamisha moyo, kuufungua, kukata au kushona kijani cha valvu, kuweka pete, kufunga. Kwa roboti mfupa haupasuliwi, wanapita kwenye matundu madogo kati ya mbavu, na mgonjwa akipona vizuri anarudi kazini mapema. Faida ni ya kweli, sibishi. Ila moyo unasimamishwa vile vile. Kila dakika mwanafunzi anayotumia kutafuta pembe nzuri ya sindano ni dakika ambayo moyo wa mtu umesimama. Sisi mwanafunzi akikosea hesabu ubaoni tunafuta.

Angalieni historia ilivyoanza, maana inafundisha. Mwaka 1998, Paris, Alain Carpentier na wenzake walifanya marekebisho ya valvu ya mitrali kwa msaada wa roboti, na mwaka huo huo timu ya Friedrich Mohr pale Leipzig, Ujerumani, ikafanya pia. Mwaka 2000 Randolph Chitwood akaifanya Marekani, kule Greenville, North Carolina. Mwaka 2002 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ikaruhusu mashine itumike kwenye valvu hiyo. Sasa Carpentier ni nani? Ni mmoja wa watu walioigundua kazi yenyewe ya kurekebisha valvu ya mitrali. Mwaka 1983 alikuwa tayari anaifundisha dunia. Alipoingia kwenye roboti alikuwa anabadilisha chombo tu, kazi aliijua usingizini. Ni kama Mzee wa taarabu aliyepiga kinanda miaka thelathini ukampa kinanda cha umeme. Wale waliofuata nyuma yake, wengi walipewa vyote viwili kwa pamoja, chombo kipya na kazi wasiyoizoea vya kutosha, wakaambiwa angalieni alivyofanya yule.

Twende Newcastle, Uingereza. Mapema mwaka 2015, hospitali ya Freeman ilifanya upasuaji wa kwanza nchini humo wa kurekebisha valvu ya mitrali kwa roboti. Mgonjwa alikuwa na miaka 69, mwalimu mstaafu wa muziki. Mwalimu mwenzetu. Upasuaji ukaenda vibaya: nyuzi hazikukaa zilivyotakiwa, damu ikaruka ikaziba kamera, ikabidi waiache roboti na kufungua kifua kwa njia ya kawaida, lakini moyo ulikuwa umeshachoka. Alikufa siku chache baadaye. Mwaka 2018 ulifanyika uchunguzi rasmi wa kifo chake. Daktari aliyekuwa kwenye kiti alikubali pale kwamba alikuwa anakimbia kabla hajajua kutembea. Ikasemwa kwamba kwa njia ya kawaida ya kufungua kifua hatari ya mgonjwa yule kufa ilikuwa asilimia 1 mpaka 2 tu. Ikasemwa pia kwamba daktari wa kwenye kiti na msaidizi wake aliyesimama kitandani walikuwa wanapata shida kusikilizana, maana sauti ilikuwa inapita kwenye spika mbovu mbovu. Na walikuwepo wataalamu wawili wa kusimamia, wazoefu wa roboti, waliokuja kwa kazi hiyo moja. Waliondoka katikati ya upasuaji.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho. Waliondoka katikati.

Mimi nilivyosoma hapo nilifunga laptop nikakaa kimya. Maana kila aliyepita mafunzo ya ualimu kwa vitendo anamjua huyo msimamizi. Mwaka jana nilipangiwa shule moja mkoani, sitaitaja. Msimamizi wangu alikuja na gari, akaingia darasani kipindi kimeshaanza, akakaa nyuma dakika kama kumi na tano, akajaza fomu, akatoka nikiwa bado niko kwenye utangulizi wa mada. Zile dakika ishirini na tano za mwisho ndizo watoto walipoanza kuuliza maswali niliyoshindwa kuyapanga. Hakuwepo. Alama nilipata nzuri! Nilipata alama nzuri kwa sehemu ya somo ambayo mtu yeyote angeifanya vizuri. Watoto wa Kidato cha Pili wakatoka na mkanganyiko wao, kesho yake nikarudia mada, hakuna aliyekufa. Kwenye kifua kilichofunguliwa hakuna kesho yake.

Kwa hiyo madai yangu ya kwanza ni haya, na siyalegezi: msimamizi asiyekaa mpaka mwisho sio msimamizi, ni mgeni mwalikwa. Kama hawezi kukaa saa zote, upasuaji usianze. Kitu kigumu kwenye kazi yoyote hakiji kwenye utangulizi.

Lakini wadau, hata msimamizi akikaa, kuna tatizo jingine la ndani zaidi, na hili ndilo lililonifanya niandike. Roboti imevunja darasa lenyewe. Kwenye upasuaji wa kawaida mwalimu anasimama upande huu wa kitanda, mwanafunzi upande ule. Mikono minne kifuani. Mwanafunzi anahitajika, hata kama ni wa kushika tu na kufyonza damu, mwalimu hawezi kufanya kazi peke yake. Kwa hiyo mwanafunzi yumo tangu siku ya kwanza. Leo anashika, kesho anafunga fundo, mwezi ujao anashona kipande, na mwalimu akiona kosa anasogeza mkono wake tu, "hapana, hivi." Roboti ina kiti kimoja. Daktari bingwa akikaa pale ana mikono yote peke yake. Mwanafunzi anakuwa mtazamaji wa televisheni. Na kumpa kiti maana yake ni kumpa kila kitu, kwa hiyo mwalimu anayejali mgonjwa wake anachelewa kumpa, au anampa dakika chache halafu anamnyang'anya akianza kusuasua.

Haya sio maneno yangu. Mtafiti Matt Beane alikaa kwenye vyumba vya upasuaji Marekani, akachapisha utafiti wake mwaka 2019. Alikuta kwamba wengi wa madaktari wanafunzi walikuwa wanamaliza mafunzo wakiwa na cheti cha roboti bila kuwa wameishika vya kutosha. Wachache walioiva walikuwa wameiva kwa njia za kichochoroni: walijifungia mapema mno kwenye roboti wakaacha mafunzo mengine, walikesha kwenye simuleta na kutazama video mtandaoni, na walijitafutia nafasi za kufanya kazi bila mtu wa kuwaangalia vya kutosha. Beane akaita huko ni kujifunza kivulini. Tafakari: mfumo rasmi umeshindwa, na waliofaulu ni waliouzunguka. Hapa chuoni tunawaita wajanja, na kwenye mtihani wa karatasi ujanja unaishia kwenye karatasi.

Profesa wetu wa saikolojia ya elimu alitupa kazi ya kusoma Jean Lave, yule mama aliyekaa Liberia na mafundi cherehani. Wengi mlilalamika ni refu. Mimi nasema ndiyo maandishi bora kuliko yote kwa mtu anayetaka kununua roboti. Kijana wa fundi kule hakuanza kwa kukata kitambaa. Alianza mwishoni: kupiga pasi, kushona vifungo, kupindika pindo. Nguo iliyokamilika ilipita mikononi mwake mara nyingi mpaka akaielewa, ndipo akashona vipande, na kukata kukaja mwisho kabisa, kwa sababu ukikosea kukata kitambaa kimeharibika, ukikosea kifungo unakitoa. Nani alipanga mtaala ule? Hakuna wizara. Ni akili ya mafundi: kosa la bei rahisi kwanza, kosa la bei ghali mwisho. Hebu chukua kanuni hiyo moja uipeleke kwenye moyo. Mwanafunzi akae kwanza kitandani kama msaidizi, abadilishe vifaa vya roboti, apitishe nyuzi, aone matundu yanavyopangwa kati ya mbavu. Kisha afunge mafundo ya mwisho. Kisha ashone pete. Valvu yenyewe, vile vijani, ije baadaye sana. Na kabla ya vyote awe ameshaijua kazi ile kwa kifua kilichofunguliwa, ili siku roboti ikigoma awe na pa kurudia.

Kuna watakaosema mashine zenye viti viwili zipo. Ndiyo zipo, tangu mwaka 2009 da Vinci inaweza kufungwa viti viwili, mwalimu na mwanafunzi wanaona picha moja na wanabadilishana mikono kwa kubonyeza, kama gari la shule ya udereva lenye breki mbili. Vizuri sana. Ila kiti cha pili ni pesa ya ziada, na hospitali inayokopa kununua cha kwanza unajua itasemaje kuhusu cha pili. Itasema mwanafunzi atazame kwenye skrini.

Simuleta je? Hapa nakubaliana na mshkaji wangu nusu. Mashine za kuigizia zinafanya kazi. Kuna jaribio la mwaka 2002 lililohusisha chuo cha Yale: madaktari wanafunzi 16, nusu wakafundishwa kwa simuleta kabla ya kwenda kutoa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo, nusu wakaenda kwa mafunzo ya kawaida. Waliopita kwenye simuleta walimaliza sehemu yao ya kazi haraka zaidi kwa asilimia 29, na wenzao walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kujeruhi kifuko au kuunguza mahali pasipotakiwa. Watu wananukuu hizo namba kila mahali kuuza simuleta. Wanachoruka ni jambo moja dogo: wale hawakuwekwa kwenye simuleta kwa "saa kumi" au "siku mbili". Waliwekwa mpaka wafikie kiwango ambacho mabingwa walikuwa wamekiweka kwa kufanya zoezi lile lile. Hujafika, hutoki. Umefika leo, toka leo. Umefika baada ya mwezi, toka baada ya mwezi.

Jamani, huo si ndio umahiri? Si ndio neno lililomo kwenye mitaala yetu ya sekondari tangu 2005, tunaloandika kwenye kila andalio la somo, halafu tunafundisha kwa kumaliza kurasa? Kwenye upasuaji ni ugonjwa ule ule. Utasikia: daktari ataruhusiwa baada ya kufanya kesi kadhaa chini ya usimamizi. Kwa nini idadi ile na sio nyingine? Hakuna anayejua, ni namba ya kupendeza machoni. Mmoja kwenye kesi ya tano ameshaiva, mwingine kwenye ya ishirini bado anavuta uzi mpaka unakatika. Kuhesabu kesi ni kuhesabu siku mtoto alizokaa darasani ukasema amejua kusoma.

Na hapo ndipo anaingia mtu ambaye mimi simtaki kabisa kwenye chumba cha mwalimu: muuzaji. FDA ikisharuhusu mashine, haisimamii nani amefundishwa vipi. Hilo linaachiwa hospitali. Hospitali nayo, kwa kuwa mashine ni mpya na haina mtu anayeijua, inamtegemea aliyeiuza. Kampuni inatoa mafunzo, inasaidia kuleta wasimamizi. Tuliosoma elimu tunajua swali la kwanza la tathmini ni nani anatunga mtihani na anafaidikaje na ufaulu. Muuzaji anafaidika daktari akifaulu haraka, kwa sababu kila upasuaji unakula vifaa vipya anavyouza yeye. Sisemi ni watu wabaya. Nasema huwezi kumpa muuza viatu kazi ya kukupima mguu halafu ukashangaa kila kiatu kinakutosha.

Mkiona natia chumvi, someni kesi ya jimbo la Washington. Mwaka 2008 daktari mmoja alitumia da Vinci kutoa tezi dume ya mgonjwa. Sio moyo, lakini fundisho ni lile lile. Alikuwa amefanya upasuaji wa aina hiyo mara mbili chini ya usimamizi. Mara mbili! Mgonjwa yule ndiye wa kwanza wake bila msimamizi, na alikuwa mnene kuliko wagonjwa ambao kampuni yenyewe ilishauri kuanza nao. Mambo yakaharibika vibaya, mgonjwa akateseka, na miaka michache baadaye akafariki. Mwaka 2013 baraza la wazee wa mahakama likaona kampuni haina hatia. Mwaka 2017 mahakama ya juu ya jimbo ikasema ngoja kwanza, mtengenezaji ana wajibu wa kuionya na hospitali inayonunua, sio daktari peke yake. Mimi sio mwanasheria (wa sheria mko hapo mlango wa pili, njooni mnirekebishe), lakini ninachoona ni miaka mingi ya kuulizana nani alipaswa kumwambia nani, na mwalimu haonekani popote kwenye hiyo orodha. Kuna mashine, muuzaji, hospitali, daktari, mgonjwa. Kazi ya kufundisha haina mwenyewe.

Sio kwamba haiwezekani. Kule Melle, Ubelgiji, kuna kituo kinaitwa Orsi Academy ambako wamejaribu kufundisha roboti kwa kanuni ya ustadi: hatua zimeandikwa moja moja, makosa yametajwa kwa majina, na mwanafunzi hapandi ngazi bila kufikia kiwango. Kuna watu kama Anthony Gallagher, mwanasaikolojia, sio mpasuaji, aliyetumia maisha yake kuwaambia wapasuaji kwamba kufundisha ni sayansi. Mwanasaikolojia! Mshkaji wangu wa vimbwetani ukisoma hapa, hilo ni neno lako.

Sasa najua kuna atakayeuliza, dada, roboti ya moyo Bongo inakuhusu nini, hata glavu wakati mwingine mgonjwa anaambiwa akanunue. Swali zuri. Sisi wagonjwa wetu wengi wa valvu ni vijana walioharibiwa moyo na homa ya rumatiki, iliyoanza kama kidonda cha koo utotoni, na valvu hizo ni ngumu kuliko zile laini za wazee wa Ulaya. Roboti sio hitaji letu la kesho asubuhi, na mtu akija kutuuzia kabla ya penisilini ya kutosha kwenye zahanati nitaandika tena kwa hasira zaidi ya hizi. Lakini mafunzo ya upasuaji wa kisasa yameshafika jirani. Mwaka 2023 IRCAD, taasisi ya Kifaransa ya Strasbourg iliyoanzishwa na Jacques Marescaux mwaka 1994, ilifungua kituo chake Kigali. Zitakuja tu. Mashine kwetu huwa zinakuja na sherehe, utepe na waziri. Mwalimu huwa anakuja baadaye, au anakuja wiki mbili na begi lake halafu anarudi kwao.

Na kinachoniuma ni kwamba njia nzuri tunayo tayari. Upasuaji wa moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008, na taasisi ya moyo ya Jakaya Kikwete ikaja mwaka 2015. Ilijengwaje? Timu kutoka Australia na Israel zilikuja kambi baada ya kambi, zikasimama kitanda kimoja na madaktari wetu, mikono minne kifua kimoja. Madaktari wetu wakaenda huko nje wakakaa miaka, kama Godwin Godfrey aliyesomea upasuaji wa moyo wa watoto Israel. Miaka! Hakuna aliyerudi na cheti cha wikiendi akaambiwa haya kata. Kwa hiyo siku roboti ikija, nisingependa kusikia kwamba tumetupa utaratibu huo kwa sababu mashine imekuja na kozi yake ndani ya boksi.

Nikiulizwa mimi ningetaka nini kwenye mkataba wa ununuzi, ningeandika kabla ya bei: kiti cha pili cha mwalimu kimo ndani, sio ziada. Timu nzima inafundishwa pamoja, yaani daktari, msaidizi, nesi, daktari wa usingizi na anayeendesha mashine ya moyo na mapafu, na inapimwa pamoja, mpaka kusikilizana kwao, maana Newcastle sauti nayo ilichangia. Anayepima hauzi kitu. Siku ya kuacha roboti na kufungua kifua imefanyiwa zoezi mara nyingi kabla ya siku yenyewe, na mtu yeyote mle ndani, hata nesi mdogo kuliko wote, ana ruhusa ya kusema sasa basi. Hilo la mwisho kwa utamaduni wetu wa shikamoo ndilo gumu kuliko mengine yote, na sijui kozi gani ya kampuni italifundisha.

Halafu kuna mgonjwa mwenyewe. Mnapewa karatasi ya kusaini, imejaa maneno, hakuna hata moja linalosema "wewe ni wa kwanza wake." Mama yangu mdogo alipofanyiwa upasuaji, sio wa moyo, alisaini akiwa amelala kwenye machela. Kama ningekuwepo ningemuuliza daktari, kwa heshima zote, shikamoo kabisa: umeshafanya hii ngapi, nani amekupima, na huyo mwalimu wako leo ataondoka saa ngapi? Wa udaktari mnaosoma hapa, niambieni ukweli, mgonjwa akiwauliza hivyo wodini mtamjibu au mtamwita mkorofi?